Fundi Meno na Kitabu cha Majina ya Ndani

Naomba radhi kwanza. Wiki nzima nimemwacha mtu mzima juu ya kigoda, taulo kichwani, taya la jasi mkononi, na wakwe saba mlangoni. Msomaji mmoja ameniambia hata mbuzi hafungwi siku saba bila maji. Kweli kabisa. Basi tumshushe.

"Hodi humu!" ilirudia sauti ya mlangoni.

Fundi Meno alishuka. Nasema alishuka kwa heshima yake tu, maana kigoda ndicho kilichotangulia. Alitua kwa goti moja, taulo likamfunika uso, na lile taya akaliinua juu lisivunjike kwa sababu lilikuwa la mteja.

"Karibuni," alisema kutoka ndani ya taulo.

Aliyejiunga nasi leo asihangaike. Bwana huyu ni fundi wa meno ya bandia, na kwa kazi hiyo hana mpinzani. Ila kila Jumamosi saa nane mchana karakana yake, chumba cha mbele cha nyumba yake, hugeuka darasa. Wanafunzi wake huketi katikati ya mataya ya jasi wakafundishwa kwamba Biblia ina mwili, nafsi na roho. Mwili ni ile hadithi anayoisikia kila mtu. Nafsi ni lile linalokugusa wewe. Roho imefichwa, na anayeifichua ni yeye.

Ugonjwa huu ulimwanza siku aliposoma katika Wimbo Ulio Bora kwamba meno ya bibi arusi ni kama kundi la kondoo wanaopanda kutoka kuoshwa. Akatafuta, akakuta wazee wa Kanisa la kale walisema meno hayo ni watakatifu. Sasa mtu aliyechonga meno tangu ujana wake, umwambie meno ni watakatifu, unategemea nini? Tangu siku ile hajapona. Wanafunzi wanamwita Mwalimu. Mkewe anamwita majina mengine.

Jumatatu ilikuja barua ya wakwe, mistari mitatu tu. "Tutafika Jumamosi saa nane mchana. Tutakuwa watu saba. Msijisumbue."

Mtu mwenye akili timamu angeipeleka barua hiyo jikoni. Fundi Meno aliipeleka darasani. Saba, alisema, ni vile vinara saba vya taa katika Ufunuo. Saa nane ni siku ya nane, ambayo Wakristo wa kwanza waliihesabu kuwa siku ya ufufuo. Kwa hiyo wakwe ni watu wa ndani, nao wanataka kupokewa kwa fumbo, ndiyo maana ya kigoda na taulo. Akaamuru darasa zima lifunge. Mkewe hakuonyeshwa barua, kwa madai kwamba hajafikia daraja hilo.

Basi wakwe waliingia wakakuta watu tisa wenye njaa, na mwenye nyumba amepiga goti.

"Mbona hukutuambia wamefika?" Fundi Meno alimnong'oneza Mama Cherehani, aliyekuwa amesimama nje ya kizingiti.

Mama Cherehani, mshonaji wa mtaani, alijigusa midomo kwa kidole. Alikuwa kwenye adhabu. Na kanuni ya adhabu, aliyoitunga Fundi Meno mwenyewe kwa kuwaiga watubu wa zamani waliosimamishwa mlangoni mwa kanisa, ilisema hivi: asimame nje, asikie, asiseme. Miezi minane ameishika bila kosa. Na leo hakuona sababu ya kuivunja.

Aliyetangulia kuingia alikuwa Mzee Rula, baba wa bwana harusi atakayemwoa binti wa nyumba hii, mwalimu mkuu mstaafu na katibu wa baraza la wazee wa kanisa. Jina la Rula alipewa na wanafunzi wake, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama analipenda. Nyuma yake ndugu zake wawili na wake zao, kisha bwana harusi anayetazama viatu vyake, na mwisho kabisa mkewe, Mama Rula.

"Bwana Yesu asifiwe," alisema Mzee Rula.

"Amina!"

Hapo ndipo Karani alipotaka kutuua. Karani ni mwanafunzi wa mbele kabisa, karani wa mahakama, mtu anayependa dini ifuate utaratibu. Alimwona Mama Rula, uso ukamchanua, akanyoosha mikono yote miwili.

"Amani kwako, Dada Pu..."

Fundi Meno alimkanyaga mguu kwa uzito wake wote.

"Pu nini?" aliuliza Mzee Rula.

"Pumzikeni," alisema Fundi Meno. "Anasema pumzikeni. Viti hivi hapa."

Msomaji, usinikunjie uso kwamba sikukuambia mapema. Na mimi nilikula kiapo. Mama Rula ndiye mwanafunzi wa kumi! Mwaka mmoja na nusu sasa, kila Jumamosi anamuaga mumewe kuwa anakwenda mazoezi ya kwaya ya akina mama, kumbe yuko hapa, kwenye kiti cha pembeni chini ya rafu ya magego. Jina lake la ndani ni Punje. Leo mumewe alimwambia, "Vaa twende," akavaa, akaja kama mgeni kwenye chumba anachokijua mpaka nyufa za dari.

Aliketi palepale chini ya rafu. Mazoea yana taabu.

Mke wa Fundi Meno alitokea uani na ndoo mkononi, akawaona, akaitua ndoo.

"Wakwe! Jamani shikamooni! Mbona hamkutuarifu?"

"Tuliandika barua," alisema Mzee Rula.

Mama wa nyumba aligeuza kichwa taratibu. Wanaume waliooa wanaujua ugeukaji huo.

"Barua gani, Baba Kitinda?"

"Ile... ilikuwa na maana ya ndani."

"Lete hapa."

Aliitoa mfukoni. Aliisoma akiwa amesimama, mara moja, kisha mara ya pili kwa sauti.

"Msijisumbue," alirudia. "Jamani njooni mnisaidie. Mwanamume huyu anaona siri kwenye mitungi sita ya Kana! Anaona siri kwenye kamba ya punda! Mahali pamoja tu palipokuwa na siri ya kweli, mgeni anapokwambia usijisumbue, hapo ndipo alipoelewa kwa wazi!"

Mmoja wa wake wa ndugu zake Mzee Rula alicheka akaficha mdomo kwa mtandio. Mzee Rula hakucheka. Mama wa nyumba aliingia jikoni, na mara sufuria zikaanza kusema yale ambayo yeye aliyameza kwa heshima ya wageni.

"Tusipoteze muda," alisema Mzee Rula. "Hatukuja kula."

Akafungua mkoba, akatoa daftari la jalada la bluu. Fundi Meno alilitambua. Lilikuwa daftari la Mama Cherehani, lile lenye masomo yote, lililofika kwa mchungaji miezi minane iliyopita.

"Ukurasa wa nne," alisoma Mzee Rula. "'Meno ya mbele hukata neno, magego hulisaga. Asomaye Biblia kwa meno ya mbele peke yake hufa njaa mezani.' Maneno yako?"

"Ni mfano, mkwe."

"Ukurasa wa saba. 'Yule kijana aliyekimbia uchi Yesu alipokamatwa, akawaachia shuka mikononi, si kijana. Ni kila nafsi inayouvua mwili.' Yako?"

"Hayo ni ya wazee wa kale. Mimi niliongeza kidogo."

"Kiasi gani?"

"Karibu yote."

Mzee Rula alivua miwani. "Mkwe, mimi ni mtu wa ubao na chaki. Samaki ni samaki. Petro alivuta wavu, wakahesabu samaki mia na hamsini na tatu, wakala. Shida iko wapi?"

Fundi Meno alijua anyamaze. Nafsi yake ilimwambia nyamaza, goti lake linalouma lilimwambia nyamaza. Lakini mtu na ugonjwa wake.

"Kwa nini walihesabu?" aliropoka. "Jumlisha mwenyewe, mkwe! Moja na mbili na tatu, panda hivyo hivyo mpaka kumi na saba. Utapata mia na hamsini na tatu kamili! Kumi ni amri za Mungu, saba ni vipaji vya Roho!"

"Amina!" waliitikia wanafunzi tisa kwa matumbo matupu.

Mzee Rula alitazama dari. Midomo ilimcheza. Mwalimu mkuu hawezi kupewa hesabu akaiacha.

"Inatimia," alikiri. "Lakini wavuvi huhesabu ili wagawane."

Miaka yote hiyo Fundi Meno hakuwahi kuliwaza hilo. Aliketi.

"Sasa sikiliza kilichonileta," aliendelea Mzee Rula. "Ukurasa wa kumi na mbili. 'Leo Dada Punje, mgeni, aliuliza habari ya punje ya ngano inayoanguka katika nchi ikafa. Akalia. Mwalimu akamjibu. Sote tukanyamaza.' Basi, jibu halijaandikwa. Nani huyu Punje?"

Mama Rula alikuwa anautazama mkoba wake kana kwamba umeandikwa kitu.

"Hayo ni majina ya ndani tu," alisema Fundi Meno.

"Na daftari linasema una kitabu. Jina la nje kushoto, jina la ndani kulia, tarehe ya kujiunga katikati."

Hayo ndiyo malipo ya utaratibu. Wakristo wa kwanza walificha siri zao chini ya ardhi. Fundi Meno alizipigia mistari kwa rula.

"Kesho ni tangazo la tatu la ndoa ya watoto hawa," alisema Mzee Rula. "Msomaji wa matangazo ni mimi. Ndani ya darasa lako mna waumini wetu wanaokuja kwa kujificha. Nipe kitabu cha majina, baraza litawaita mmoja mmoja, na kesho nitalisoma tangazo. Ukikataa, silisomi. Harusi hakuna. Siwezi kumwoza mwanangu kwenye nyumba ya mambo ya gizani."

"Baba..." alianza bwana harusi.

"Nyamaza."

Bwana harusi alirudi kwenye viatu vyake.

Na hapo Karani akainuka, machozi yakimlengalenga kwa furaha. "Saa imefika, Mwalimu!"

"Saa ya nini?"

"Ya kushuhudia! Wiki sita ulitufundisha habari za wale waliokabidhi vitabu. Askari wa Kaizari walipopita nyumba kwa nyumba wakitaka maandiko wayachome, wengine wakatoa. Hata maaskofu! Ulisema hao ni wabaya kuliko simba. Ulipiga meza, Mwalimu. Ulisema wewe ungetoa shingo kabla ya kitabu."

"Nilisema hivyo?"

"Nimeandika."

Fundi Meno alijishika shingo. Ilikuwa shingo ya kawaida, na ufunguo wa droo ulikuwa umening'inia hapo. Kwa mara ya kwanza alielewa kwamba mambo ya mashahidi yanasomeka vizuri zaidi kwa mtu aliyeketi.

Akatazama mlangoni. Mama Cherehani alikuwa amesimama vilevile, kichwa ameinamisha. Miezi minane iliyopita mjukuu wake alilazwa, hali mbaya, na mchungaji akasema hambatizi mtoto wa nyumba yenye mafundisho ya siri mpaka apewe daftari. Mama Cherehani akatoa. Mtoto akabatizwa, akapona. Jumamosi iliyofuata Fundi Meno alisimama mbele ya watu wote, akamwita mkabidhi, akamhukumu mwaka mzima mlangoni. Na yule mama akaja kila wiki, mvua na jua, akasimama.

Mkuki kwa nguruwe. Leo ulikuwa umegeuzwa upande wake, na kwa kweli ulikuwa na ncha.

Pazia la jikoni lilifunguka. Kitinda, binti wa mwisho, bibi harusi mwenyewe, aliingia na sinia la chai. Aliyasikia yote, nyumba ile ina kuta nyembamba za kujifariji tu. Aliweka sinia juu ya meza, kati ya mataya mawili, akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba, mpe."

"Mwanangu..."

"Ni kitabu tu, Baba. Shuleni waliniita binti wa magego, nikavumilia. Mataya haya nayafuta vumbi mimi tangu nina miaka saba. Sijawahi kukuomba kitu. Nampenda mtu huyu. Mpe kitabu, kesho tusomewe, yaishe."

Fundi Meno alimpenda binti yule kuliko meno yote aliyowahi kuchonga. Aliinua macho akamtazama Mama Rula. Mama Rula hakutikisa kichwa, hakukonyeza. Alifumba macho tu, kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Jina lake lilikuwa ukurasa wa kwanza, mstari wa tatu. Na aliyetaka kulisoma alikuwa mumewe, mbele ya ndugu zake wote.

Angesemaje? Amwambie binti, "Siwezi, kwa sababu mama mkwe wako yumo"? Kusema sababu ni kukabidhi kitabu.

Ana tabia moja, mtu huyu. Akiogopa, mikono yake hukoroga jasi. Alisogea kwenye meza ya kazi, akachukua bakuli la mpira, akamimina maji, akanyunyiza ule unga mweupe, akaanza kukoroga kwa kijiko bapa. Hakuna aliyeshangaa. Wageni walidhani anatafuta maneno.

"Mkwe," alisema Mzee Rula. "Tunangoja."

Alifungua droo. Kitabu kilikuwa kidogo, kinaenea kiganjani. Mzee Rula akanyoosha mkono. Karani akaziba uso.

"Mama Cherehani," aliita Fundi Meno bila kugeuka. "Ingia ndani, ukae kwenye kiti."

Mama Cherehani aliingiza kichwa. Akaonyesha vidole vinne.

"Najua imebaki minne. Mwenye kosa la hukumu ni mimi. Nisamehe. Ingia, na useme unachotaka."

"Miguu inaniuma, Mwalimu," alisema Mama Cherehani, na hayo ndiyo yakawa maneno yake ya kwanza kwa miezi minane. Akaingia, akaketi.

Ndipo Fundi Meno akakitumbukiza kitabu ndani ya bakuli.

Salale! Kilizama chubwi. Alikisukuma chini kwa kijiko, akamwagia jasi iliyobaki, akagonga bakuli mezani mara tatu ili hewa itoke, kwa sababu fundi ni fundi hata anapojiharibia maisha.

"Unafanya nini?" Mzee Rula aliruka kutoka kitini.

"Dakika kumi itakuwa jiwe," alisema Fundi Meno. "Ukilipasua, kurasa zitatoka na jiwe."

Wanafunzi walilipuka. Karani alipiga magoti. Kwa sekunde tatu hivi Fundi Meno alijiona kati ya mashahidi wa kale, mwanga ukimzunguka, na mwanga huo ulikuwa na ubaridi mtamu. Sekunde ya nne akamwona Kitinda.

Kitinda hakupiga kelele. Alikuwa bado amepiga magoti, anamtazama baba yake kama mtu asiyemfahamu.

"Umewalinda wao," alisema. "Mimi je, Baba?"

Mama Cherehani alimtolea mjukuu wake kitabu. Yeye Fundi Meno alikilinda chake, binti akalipa. Nani hapo mkabidhi? Fundi Meno alitafuta maana ya ndani ya jambo hilo, ya kumfariji hata kidogo, asiipate. Aliona aibu, akaona uchungu, basi.

"Twendeni," alisema Mzee Rula, akichukua mkoba. "Tumejibiwa."

Ndugu zake waliinuka. Wake zao waliinuka, mmoja akimeza chai kwa haraka ili isipotee. Bwana harusi alisimama, akaketi, akasimama tena. Mtu mmoja tu hakuinuka.

"Mama," alisema Mzee Rula. "Twende."

"Keti, Baba," alisema Mama Rula kutoka chini ya rafu ya magego. "Punje ni mimi."



"Wewe ni nani?"

"Punje. Ukurasa wa kumi na mbili. Mimi ndiye niliyelia."

Mzee Rula aligeuka upande huu na ule, kama anatafuta mtu wa kumuuliza swali rahisi zaidi. "Na kwaya?"

"Sijui hata wimbo mmoja. Sikukuu ile mlipotaka niimbe, nilijitia mafua."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipomzika mwanetu mdogo."

Bwana harusi aliinua uso. Ndugu wa Mzee Rula walitazama sakafu. Katika familia ile, mtoto yule alikuwa hatajwi.

"Ulisema Bwana ametoa, Bwana ametwaa," aliendelea Mama Rula, na sauti yake haikupanda. "Jumatatu ukarudi kupiga kengele ya shule. Mimi nikabaki na swali. Mwanangu amekuwa mbegu, au amekuwa udongo? Kwako nisingeuliza, ungenipa mstari. Kwa mchungaji nisingeuliza, angesema nimepungukiwa imani. Nikasikia kuna mtu mwendawazimu anafundisha katikati ya meno. Nikasema, huyo ndiye wa kumuuliza. Nikamuuliza, akanijibu. Na jibu hilo ndilo linaloniamsha asubuhi mpaka leo."

Mzee Rula alikitafuta kiti kwa mkono, akakikosa, akaketi kwenye kigoda. Ule unyoofu wote ulikuwa umemtoka. Mama wa nyumba alichungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi, kuona kama watu wamekufa.

"Na mimi nilimzika," alisema Mzee Rula hatimaye.

Kisha akamgeukia mkewe.

"Alikujibu nini?"

"Muulize mwenyewe," alisema Mama Rula. "Nataka ulisikie kwake kama nilivyolisikia mimi."

Mzee Rula alimgeukia Fundi Meno. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ileile ya kuita majina ya darasa.

"Mkwe. Sitaki samaki, sitaki kumi na saba. Niambie neno ulilomwambia mke wangu siku ile. Hilo hilo, usiongeze, usipunguze. Yeye yupo, atajua. Kama ni neno la kweli, kesho nitasoma tangazo, na wanafunzi wako siwagusi. Kama ulimchezea mama aliyefiwa, harusi hakuna, na kesho nitasimama kanisani niwaambie watu wewe ni nani."

Kitinda alikamata upindo wa koti la kazi la baba yake. "Baba, mwambie," alinong'ona. "Mwambie tu."

Fundi Meno alifungua kinywa.

Aliikumbuka siku ile, tena vizuri. Ilikuwa mvua. Nta ilichemka ikamwagika kwenye jiko. Mteja wa meno ya chini alikuwa anangoja nje, ana haraka na amenuna. Mwanamke mgeni alilia pale pembeni, naye akamwambia kitu haraka haraka ili awahi kumpokea mteja. Kitu gani? Alikumbuka hata rangi ya mwavuli wa mteja.

Akamtazama Mama Cherehani.

"Sikuandika, Mwalimu," alisema Mama Cherehani. "Na mimi nilikuwa nalia."

Akamtazama Karani.

"Mimi nilikuwa sijajiunga."

Maneno ya kubuni yalikuwepo, msidhani alikauka. Tafsiri tatu zilimjia ulimini kwa mpigo, zote nzuri, mojawapo ikiwa na hesabu inayotimia. Kazi hiyo ameifanya miaka mingi. Lakini kule pembeni Mama Rula alikuwa ameketi mikono mapajani, anamtabasamia kwa mara ya kwanza siku ile, anangoja kulisikia tena lile neno lililomrudishia uhai. Fundi Meno alitamani ardhi impasukie.

"Mama," alisema. "Mungu anisamehe. Sikumbuki. Sikumbuki hata neno moja."

Kitinda aliachia koti.

Tabasamu la Mama Rula lilifutika polepole, na hakuna adhabu ya mlangoni iliyowahi kumuuma mtu kama ule ufutikaji ulivyomuuma Fundi Meno. Mzee Rula alianza kuinuka, amekunja uso, mkono umeshika mkoba.

Lakini Mama Rula alitangulia kusimama. Alipita mbele ya mashemeji zake, akampita Karani, akampita Fundi Meno pasipo kumtazama, akafika mbele ya darasa, akakivuta kiti cha Mwalimu, akakikalia.

"Basi wote kaeni chini," alisema. "Nitalisema mimi."

Waliketi, hata wale waliokuwa wameketi.

"Wewe sogea karibu, Baba," alimwambia mumewe. "Swali nililouliza lilihusu mtoto. Jibu nililopewa lilikuhusu wewe."